Re: Maji mekundu shimoni, chokaa inatosha?

Mkuu, chokaa pekee itasafisha maji mekundu ya mgodi wa makaa ya mawe, ila chanzo kitabaki. Wekundu huo ni chuma kutoka kwenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) ya mwambani; ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa. Kwa chokaa, pandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi hupungua) hadi 8 hivi (kama kuna manganizi, metali nyingine, vuka 9), pitisha hewa, kisha tope litulie bwawani. Usimwage mawe ya chokaa mabichi (yasiyochomwa): hugandwa na kutu yakaacha kufanya kazi. Dawa yenyewe ni kutenga kifusi chenye pairaiti tangu mwanzo wa uchimbaji, kukifukia chini, kukishindilia na kukifunika kwa udongo wa mfinyanzi. Hapo ndipo wengi hubana matumizi, halafu wanatibu maji kwa miongo.