Huyo kikande usimtie kwenye tangi

Mwanangu Mwanaidi,

Huku Raskazone, Tanga, wazima, mama yako anakusalimia. Umeniuliza kama yule samaki wa kijani mwenye madoa ya chungwa, uliyemuona mwambani ulivyokuja likizo, anaweza kukaa kwenye tangi la sebuleni kwako Dodoma. Hawezi mama, na usimwagize kwa mtu.

Yule ni jamaa wa vikande, ila mdogo, hazidi sentimita 12, ngozi yake msasa mtupu, na kichwani ana mwiba, akiogopa anausimamisha. Wataalamu wanamwita Oxymonacanthus longirostris, usiniulize linasomwaje. Shida yake ni tumbo. Chakula chake matumbawe hai tu, tena hasa yale ya matawi, kutwa nzima anadonoa na kale kamdomo kake karefu, sasa we huko Dodoma utampa nini, dagaa? Wengi wanaowafuga huishia kuwatazama wakikonda mpaka wanakufa na chakula kimejaa tangini.

Afu sikia hili, mi mwenyewe limenishangaza. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walitoa utafiti kwamba huyu samaki ananukia kama tumbawe analokula, yani harufu inatoka kwenye msosi wenyewe, mpaka vikaa vinavyoishi kwenye matumbawe vinachanganyikiwa, na chewa akipita karibu hamshtukii sana. Kujificha kwa rangi wanaweza wengi, ila kwa harufu! Usiku ndo kabisa, analing'ata tawi la tumbawe kwa meno analala hivohivo, maji yasimchukue. Na wanatembea wawili wawili, dume na jike, kwahiyo ukimchukua mmoja umeshavunja nyumba ya watu.

Kule Okinawa, Japani, bahari ilipata joto mwaka 1998 matumbawe yakafa, na hawa wakapotea kwenye miamba yao. We unajua mabomu ya kuvulia samaki yalivyoifanya miamba yetu hapa Tanga, kwahiyo hao uliowaona wakidonoa waache wadonoe, usiwe wewe wa kuwapunguza.

Kama tangi umeshalipia basi weka goldifishi wa maji baridi, wale wanakula hata vidonge vya dukani. Na ile hela ya gesi mama yako anaiulizia tangu wiki iliyopita.

Baba yako