Mgumu akibakiza ugali

Karanga ndipo penye maji ya mwisho. Kwa njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro, ukishaliacha bonde lile kuelekea Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, hukuti tena kijito wala chemchemi, kwa hiyo maji ya kupikia, ya kunywa na ya kujaza chupa za usiku wa kileleni hubebwa na watu hadi mita 4,673. Mwaka wangu wa pili nikiwa kiongozi mkuu, kijana mmoja aliyekuwa na madumu ya maji alifika Barafu saa tisa alasiri, akatua mzigo, akakaa juu ya jiwe na kuanza kucheka peke yake. Tukadhani ni furaha ya kufika. Alipoinuka kwenda kwenye hema, alitembea kama mtu anayetoka kilabuni usiku wa manane.

Nikamwambia atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole, kama nanyi mlivyofundishwa. Hatua ya tatu akaanguka. Ubongo ulikuwa umeanza kuvimba kwa uchache wa hewa. Tulimwekea oksijeni iliyobebwa kwa ajili ya wageni, tukamfunga kwenye machela, watu sita wakapokezana kumshusha kwa njia ya Mweka jioni ile ile. Tulipoingia msituni alishaanza kuuliza madumu yake yako wapi.

Siku nne baadaye nilimfuata kwao Moshi kumjulia hali.

“Kichwa kilianza lini?”

“Barranco, mkuu.”

Yaani siku mbili kabla. “Sasa mbona hukusema?”

Akatazama chini. “Yule wa Shira si ulimrudisha?”

Hilo la Shira nataka niwaeleze vizuri nyinyi wadogo zangu mliopata leseni ya kuongoza wageni mlimani majuzi, maana hakuna aliyenifundisha darasani. Kambi ya Shira, siku ya pili tu ya safari ile, mgumu mmoja, yaani mbebaji, alikuwa ametapika. Nikamrudisha, jambo ambalo lilikuwa sahihi. Lakini nilimlipa siku mbili alizofanya kazi, nikamtoa kwenye hesabu ya tipu, na wakati anafunga begi lake nikasema mbele ya wote, “Mlima umemkataa huyu.” Watu wakacheka. Nami nikaona nimechangamsha timu. Kumbe watu kumi na tano walikuwa wananisikiliza wanapiga hesabu: ukisema unaumwa, unapoteza siku tano za hela na unakuwa kichekesho mpaka Mweka. Kijana wa madumu alikuwa mmoja wao.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao umenigombanisha na ofisi ya kampuni zaidi ya mara moja: anayeshuka kwa ugonjwa analipwa siku zote za safari, na fungu lake la tipu lipo. Nalitamka getini asubuhi ya kwanza, kabla mizigo haijainuliwa. Mhasibu mmoja aliniambia watu watajifanya wagonjwa. Kwa miaka yote hii nimemshuku mtu mmoja tu, naye sina uhakika.

Jina lenyewe la wagumu lina mtego. Tunalipenda, tunaitana hivyo kutoka getini hadi nyumbani. Ila mtu uliyemwita mgumu tangu asubuhi umemfungia mlango wa kukwambia kwamba kichwa kinampasuka. Ndiyo maana swali la “Nani ana shida?” kwenye mkutano wa jioni halina kazi. Nimeliuliza mara mia, jibu ni “Tuko poa mkuu.” Nani aseme mbele ya vijana wenzake, pengine shemeji yake akiwemo? Siku hizi nauliza njiani, mmoja mmoja, tena nauliza kitu kingine: jana ulilala? Asubuhi umekunywa uji? Halafu jioni nakula nao. Sinia la ugali linasema mengi kuliko mtu. Mgumu ambaye jana alikuwa wa kwanza kunawa na leo anamega matonge mawili anasukuma sahani, huyo ni mgonjwa, hata akiapa.

Kula nao kuna faida nyingine. Kiongozi anayekula mabaki ya wageni, kuku na matunda, kwenye hema lake, hajui kama maharage ya wagumu yaliiva. Nimewahi kufanya kazi kwenye kampuni moja ambako wabebaji walikula mara moja kwa siku, usiku, na kiongozi wetu hakujua, au alijua akanyamaza. Hakuna hotuba ya umoja iliyowahi kumshibisha mtu.

Na kulala. Hapa wengi wenu mtakosea bila kujua. Kampuni nyingi bado hazina mahema ya kutosha, kwa hiyo baadhi ya wagumu hulala kwenye hema la kulia chakula, meza zikishaondolewa. Wageni wakimaliza chakula saa mbili usiku, wanapenda kubaki wanakunywa chai, wanacheza karata, wanasimuliana safari zao za huko walikotoka. Wewe umekaa nao, unacheka, unafikiria bahasha ya tipu. Nje kuna watu watano wamejikunja kando ya mawe, baridi imeshafika sifuri, wanasubiri mcheke mmalize. Toka nje mara moja uwaangalie. Mimi sasa nawaambia wageni siku ya kwanza kabisa, bila kuona haya, kwamba hema hili ni chumba cha kulala cha wenzetu na saa mbili na nusu tunalikabidhi. Sijawahi kupata mgeni aliyekasirika. Wengi huona aibu kwamba hawakuambiwa mapema. Bora zaidi ni kuibana ofisi inunue mahema, lakini hiyo ni vita ndefu, na usiku wa leo watu wanalala wapi?

Mizani nitaisema kwa kifupi kwa sababu mnaijua. Sheria ya hifadhi ni kilo 20. Mnajua pia ujanja: majina yanaandikwa kumi na sita getini, mzigo unapita vizuri, kisha nyuma ya kona ya kwanza watu wawili wanarudishwa kimyakimya na vitu vyao vinagawanywa kwa waliobaki. Ukikubali hilo siku ya kwanza, timu yako imeshajua wewe ni mtu wa namna gani kabla hujaongea lolote. Nunua mzani mdogo wa kuning’iniza, uwe nao begini. Pima kila asubuhi kambini, na begi lako mwenyewe upime hadharani. Mizigo hubadilika: chakula kinapungua, mahema yaliyolowa mvua yanaongezeka uzito, na mara nyingi mwenye hema bichi ni yule yule mnyonge asiyejua kulalamika.

Sasa wazee. Mpishi wangu ananizidi miaka kumi na tano. Ndiye aliyenionyesha, nikiwa mbebaji mpya, namna ya kukunja kata ya nguo nisivunjike shingo. Leo karatasi inasema mimi ndiye bosi wake. (Wenzangu wengine hujiita gaidi, wakilitamka neno la Kiingereza “guide” kwa ulimi wetu, mama yangu alipolisikia mara ya kwanza alitaka kujua nimemuua nani.) Kila asubuhi naingia hema la jiko, “Shikamoo mzee,” mbele ya vijana wote. Siisemi kwa kujinyenyekeza tu. Nikimwambia, “Mzee, wageni wanataka kuondoka saa kumi na mbili, tutaweza?” ananijibu, “Tutaweza, ila gesi imebaki mtungi mmoja na nusu.” Nikimwagiza, “Chai iwe tayari saa kumi na moja,” atanijibu “Sawa mkuu,” na habari ya gesi nitaipata Barafu, ambako hakuna kuni na hata zingekuwepo ni marufuku. Msaidizi wangu mmoja, kijana mwenye Kiingereza kizuri kuliko changu, alikuwa akimwita mzee huyu kwa jina lake kavu. Safari nzima supu yake ilifika imepoa. Hakuna aliyepanga hilo kikaoni.

Kuhusu nyimbo, msidanganyike. Wageni wanazipenda, na mimi nazipenda. Lakini nimeona timu zikiimba na kucheza kwa ustadi mkubwa getini huku wapishi na wabebaji hawajasemeshana tangu Shira.

Bahasha ndiyo inayokumbukwa. Wageni wanakukabidhi wewe, kwa Kiingereza, na wagumu wamesimama wanatazama mikono yako. Hata ukigawa kwa haki kamili, kama hesabu imefanyika mfukoni mwako utabaki mwizi. Ninachofanya ni hiki: usiku wa mwisho, kambi ya Mweka, naomba wageni waandike karatasi yenye kiasi cha kila nafasi, yaani kiongozi, wasaidizi, mpishi, weita, mbebaji. Asubuhi mgeni mmoja anaisoma kwa sauti, nami natafsiri sentensi kwa sentensi, pamoja na yangu. Nikifika kwenye yangu huwa kuna mguno, kwa sababu ni kubwa kuliko zao. Acheni wagune. Kisha karatasi anashika mbebaji, sio mimi, na kila mtu anahesabu chake papo hapo. Kuna safari wageni walitoa kidogo mno, tukashuka kimya hadi getini, lakini safari iliyofuata wagumu wale wale walinipigia simu wenyewe kuuliza kama nina nafasi.

Yule kijana wa madumu alirudi mlimani baada ya miezi mitatu. Sikumwomba, alinikuta getini Machame amevaa buti za kaka yake. Mwaka uliopita tulikuwa Karanga, jioni, nimechoka, mvua imetunyeshea tangu Barranco, nami nimesahau kabisa kupita kwenye sinia. Akaja akachungulia hemani kwangu.

“Mkuu, yule dogo wa mahema hajala.”

Nikavaa viatu, nikatoka.