Muulize Sista: Ambulensi ipo, mafuta hayapo

Sista, salamu. Mimi ni mvuvi, naishi huku chini ya Lumino, upande wa Majanji, wilaya ya Busia, Uganda. Mkaza mwanangu alijifungua usiku katika kituo cha afya cha daraja la III. Mtoto salama, ila mama akaanza kutoka damu isiyokatika. Mkunga akasema apelekwe mbele haraka. Ambulensi ilikuwa imeegeshwa pale pale nje ya wodi, lakini tukaambiwa tutoe hela ya mafuta kwanza, kisha dereva afuatwe kwake. Tukampakia kwenye boda, mwanangu akamshikilia kwa nyuma. Mungu mkubwa, alipona. Sasa kijiji kimegawanyika: wengine wanataka tumwombe mbunge gari, wengine tununue wenyewe kwa pesa za kikundi cha akiba. Je, ni haki kudaiwa mafuta? Na sisi tufanye nini?
Mvuvi, Busia

Baba, poleni sana, na hongera kwa mjukuu.

Haki? Hapana. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, na mgonjwa wa rufaa si mteja wa teksi. Ila usimgombeze mkunga. Yeye anangoja fedha za PHC, yaani fedha za serikali za afya ya msingi, zinazokuja kila robo mwaka, na fungu hilo dogo ndilo la sabuni, la umeme na la mafuta. Ipeleke kwa kamati ya kituo, maana wananchi wana viti humo. Waulize: robo hii zimeingia ngapi, za mafuta ni ngapi, na kitabu cha safari za gari kiko wapi? Mimi hicho kitabu ndicho ningekianza. Ukikuta gari limekwenda semina na mazishi kuliko lilivyobeba wagonjwa, basi umeshajua mafuta yanaishia wapi.

Gari la mheshimiwa simo. Gari hununuliwa mara moja, lakini dereva anakula kila siku na tairi hazisubiri uchaguzi. Nimeona magari yenye picha ya mtu mlangoni yakiwa juu ya mawe, kuku wanataga ndani. La kununua wenyewe ndilo baya zaidi, litameza akiba yote ya kikundi.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili hivi. Lami ya Musita hadi Lumino mnayo, kwa hiyo usiku ule barabara haikuwachelewesha sana. Muda uliliwa na kutafuta hela na kumtafuta mtu wa kushika usukani. Hayo ndiyo ya kumalizwa mchana, kabla uchungu haujaanza. Kikundi kitenge mfuko wa dharura usioguswa kwa mkopo wa mtu yeyote, hata mwenyekiti. Mwelewane na wenye magari wawili watatu wa karibu, bei ijulikane na walipwe wakirudi. Namba zao awe nazo VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, na mkunga, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Watu wa Kigezi, kusini magharibi mwa nchi, wanafanya hivyo tangu zamani. Huko milimani wana vikundi vya engozi, yaani machela. Kila nyumba inachanga, na mgonjwa akizidiwa wanaume wanapokezana mabegani mpaka hospitali. Mwaka 2010 hospitali ya Bwindi ilijenga bima yake ya afya juu ya vikundi hivyo hivyo. Na hapo Iganga, mwaka 1996, wakunga wa jadi walipewa redio za upepo za kuitia gari. Leo kila mvuvi ana simu mfukoni.

Sasa boda. Kwa mjamzito aliye na nguvu zake, anayewahi kituoni, sawa. Kwa anayevuja damu, sitaki kusikia. Alazwe chali ndani ya gari, afunikwe blanketi, mkunga aende naye na dripu. Kabla ya kuondoka awe amechomwa sindano ya oxytocin, ya kukaza kizazi, na kibofu kiwe kitupu. Njiani mkono usitoke chini ya kitovu: unasugua tumbo mpaka kizazi kikaze kama ngumi, na kikilegea unaanza tena. Mkunga apige simu mbele kabla gari halijatoka. Daraja la IV linatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji, lakini kama mtoa usingizi hayupo au damu hakuna, mtapoteza muda kupitia hapo. Nendeni moja kwa moja hospitali.

Mkaza mwanao apimwe wingi wa damu hata kama anajisikia mzima, na vidonge vya madini ya chuma avimalize. Aliyewahi kuvuja hivyo anaweza kuvuja tena. Mimba ijayo amwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki, na akajifungulie penye upasuaji na damu. Siku zikikaribia ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, asingoje uchungu umkute mwaloni.