Homa, na kipimo cha malaria hakioni kitu
Dada wa Likoni unayeuliza vipi homa ikushike na kipimo cha malaria hakioni kitu, tena neti hukosi: huenda ni dengi, homa ya virusi iletwayo na mbu. Mombasa ilishatuzukia, 2013 na tena 2017. Mbu wake huuma mchana, ndiyo neti ya usiku haikufai sana. Huzaa kwenye maji yaliyotulia, hata masafi, na kwa taabu hii ya maji ya mfereji nani hana mapipa ya kuwekea maji? Yafunike, na kila wiki yasugue ndani, maana mayai hugandamana ubavuni. Usimeze aspirini wala brufeni, zaweza kukutoa damu. Parasetamoli na vinywaji kwa wingi. Tumbo likikukaza au fizi zikitoka damu, hata kama homa imeshuka, nenda hospitali saa hiyo hiyo.