Gari ya kabureta inasumbua kuwaka: usinunue kabureta kwanza, angalia inagoma saa ngapi

Mkuu umesema asubuhi unapiga stata mpaka betri inakaribia kulala ndo inawaka, mchana ukizima kidogo ukirudi inagoma tena, na fundi kashakwambia ununue kabureta nyingine. Subiri kwanza. Nimeishi na gari za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) miaka mingi na ninavyoona mimi hapo una shida mbili, sio moja, zinafanana kwa nje tu. Ikigoma ya baridi mara nyingi mafuta hayajafika au hayatoshi, ikigoma ya moto mara nyingi mafuta yamezidi au umeme unapotea injini ikishapata joto. Kabureta mpya inaweza isitibu hata moja kati ya hizo.

Kesho asubuhi kabla hujagusa ufunguo fungua boneti, toa eya klina, chungulia ndani ya koo la kabureta na tochi (sigara kaa nayo mbali). Kama choki (ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi) imefunga kile kibati cha juu kisukume kwa kidole kifunguke, alafu mkono mwingine uvute ile linki inayovutwa na waya wa aksileta, ivute haraka mpaka mwisho huku unaangalia ndani. Kabureta yenye mafuta inarusha kamstari kembamba ka petroli, unakaona kabisa kanapiga ukuta wa ndani na harufu inakupanda puani hapo hapo. Hiyo ni pampu ndogo ya aksileta imefanya kazi yake, maana yake kwenye bakuli, kile kitenki kidogo ndani ya kabureta, mafuta yapo. Kisipotoka kitu, usiseme kabureta mbovu. Iwashe kwa shida hivyo hivyo, iache ingurume kidogo, zima, vuta tena linki. Ikirusha sasa basi pampu ndogo ni nzima, ila bakuli lilikuwa kavu. Isiporusha hata baada ya kuwaka, dayaframu ya hiyo pampu imekufa au tundu lake limeziba, na hiyo ni kit tu ya kabureta (seti ya vipuri vyake vidogo), sio kabureta nzima.

Sasa bakuli kavu. Mafuta kupungua kwenye bakuli baada ya kuzima injini ya moto ni kawaida, yanavukizwa na joto, hasa petroli za siku hizi. Lakini pampu ya mafuta inatakiwa ilijaze ndani ya sekunde chache. Ukiona unapiga stata mpaka unaonea huruma betri ujue hata mpira kutoka tenki umebaki mtupu, mafuta yamerudi nyuma usiku, kwa hiyo pampu inaanza kuvuta upya kutoka mwanzo. Inaweza kuwa valvu za ndani ya pampu zimechoka, au kuna mahali panavuta hewa. Yangu ilikuwa mpira mfupi karibu na tenki, fundi alishafungua kabureta akaisafisha ikang'aa na asubuhi ikawa vile vile. Huo mpira ulikuwa mkavu kabisa kwa nje, hata tone hakuna, kwa sababu upande ule kabla ya pampu mafuta yanavutwa, hayasukumwi, ufa mdogo unaingiza hewa badala ya kuvuja. Nilipoukunja kwa vidole ndo nyufa zikafunguka. Kwa hiyo usiangalie mpira kwa macho tu, ukunje, na kaza klipu zote mpaka huko nyuma.

Kama mafuta yanarushwa vizuri asubuhi na bado inagoma, nenda kwenye choki. Injini ikiwa baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, ndo maana kile kibati cha juu kinatakiwa kifunge ili hewa ipungue. Choki ya kuvuta kwa mkono, mtu mmoja avute, wewe angalia kama kibati kinafunga kweli, mara nyingi waya umelegea na kinaishia nusu. Choki ya otomatiki kanyaga pedeli mara moja mpaka chini uachie, ndo inajiseti. Wengi hawajui hilo, wanapiga stata tu. Na ile tabia ya kumwagia petroli kwenye koo huku mwingine anapiga stata acha kabisa, ikirudisha moto juu utaungua uso.

Umeme usiuruke, tena mimi ningeanza nao kabla ya kushika bisibisi ya kabureta, maana kesi nyingi nilizoona za "kabureta" zimeishia kwenye pointi na kondensa, vile vipande vidogo vya mfumo wa cheche. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma kama volti 12.6, na wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka sana stata inazunguka ila koili (inayopandisha umeme wa cheche) inakosa nguvu, cheche inatoka dhaifu ya njano. Safisha vichwa vya betri na ule waya wa ethi unaoenda kwenye injini, sio wa kwenye bodi tu. Pointi nyingi nafasi yake inacheza kwenye milimita 0.4 na plagi za mfumo huo 0.7 mpaka 0.8, ila fuata kitabu cha gari yako. Kuna dalili moja inachanganya sana watu: gari inashika ukiwa unapiga stata, ukiachia tu ufunguo inazima papo hapo. Hiyo angalia resista ya koili (kipande kinachopunguza umeme unaoenda kwenye koili) kama gari yako inayo. Wakati wa stata koili inapewa umeme wa betri moja kwa moja, ukiachia ufunguo umeme unapitia kwenye resista, sasa ikiwa imekatika koili haipati kitu. Watu wanafungua kabureta mara ngapi sijui kwa kosa hilo.

Turudi kwenye kugoma mchana. Ukizima injini ya moto joto la chini linapanda juu, kabureta inapata moto kuliko hata ulipokuwa unaendesha. Petroli sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka nyuzi 35 mpaka 40 tu, kwa hiyo inafura ndani ya bakuli na kudondokea kwenye manifodi (njia ya kuingilia mafuta na hewa kwenye injini), injini inalewa mafuta. Hapo usipampu pedeli, ndo unaongeza. Kanyaga mpaka chini, shikilia hapo hapo, piga stata sekunde kumi usizidishe, hewa iingie. Ikiwaka na moshi mweusi umepata jibu: mafuta yanazidi. Fungua juu ya kabureta, toa floti (kile kielea kinachopanda na mafuta), itikise karibu na sikio, ukisikia petroli inacheza ndani imetoboka, imezama na haifungi. Kama ni ya shaba izamishe kwenye maji ya moto, mapovu yatakuonyesha tundu. Angalia na ncha ya nidili (kisindano kinachofunga mafuta floti ikipanda) kama ina alama ya kulika, alafu seti urefu wa floti kwa kipimo cha kitabu. Na kati ya kabureta na manifodi kuna kipande kinene kinachozuia joto, mafundi wengine wakikiona kimepasuka wanatupa na kukata gasketi ya karatasi tu. Kama chako hakipo, tafuta, hiyo peke yake inatosha kukusumbua kila mchana.

Ikigoma ya moto na pedeli ukiwa umekanyaga mpaka chini, muda ule ule toa waya mmoja wa plagi, uweke na plagi ya akiba iliyogusa injini mbali na kabureta, angalia cheche. Hakuna cheche, ikipoa inarudi, hapo ni koili au kondensa. Na kama stata yenyewe inazunguka kwa kukwama kwama ikiwa ya moto tu, angalia taimingi (muda wa cheche kupiga), pengine kuna mtu kaisogeza mbele mno.

Ukimaliza yote hayo na bado, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na rekebisha nafasi za valvu, valvu iliyobana haifungi vizuri na hakuna kabureta itakayosaidia hapo.