Uliza Ujibiwe: Mji tajiri wa jangwani na wanaoshika funguo zake

Safari hii tumekusanya maswali ya waandishi wa hadithi za kubuni wanaojenga miji-dola katikati ya mchanga. Majibu yanafaa pia kwa wanaotunga michezo ya mezani.

Swali: Riwaya yangu ina mji-dola wa jangwani wenye watu 200,000, maghala ya dhahabu na chumvi, na chemchemi moja. Rafiki aliyesoma mswada anasema mji huo haungedumu hata mwezi. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli, na dhahabu haina kosa. Piga hesabu ya maji kwanza. Katika joto kali mtu huhitaji lita 5 hivi za kunywa kwa siku. Ukiongeza kupika, kunawa na kufua kwa kubana, fika lita 20. Watu 200,000 watataka lita milioni 4 kila siku, yaani karibu lita 46 kwa sekunde, usiku na mchana, kabla mtende hata mmoja haujalowa.

Halafu mkate. Mtu hula kama kilo 200 za nafaka kwa mwaka, kwa hiyo mji wako unahitaji tani 40,000. Ngamia wa safari ndefu hubeba kilo 150 au zaidi kidogo. Hao ni ngamia 730 wanaoingia langoni kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyebeba hariri.

Punguza watu wawe 20,000. Sasa unataka mita za ujazo 400 za maji kwa siku na ngamia 73 wa nafaka. Kwa kuwa misafara hukwepa kiangazi, ukiipa miezi mitano ya baridi utapata karibu ngamia 180 kwa siku katika msimu huo. Mji una heka heka, lakini unaaminika. Mashamba ya nafaka yaweke umbali wa siku sita hadi nane, kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa siku. Dhahabu inaweza kutoka mbali zaidi. Mtama hauvumilii gharama hizo.

Waandishi wengi hujitetea kwa bustani za mitende, nazo hesabu zake ni chungu. Tuseme chanzo chako kinatoa lita 20 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,728 kwa siku. Watu wakishachukua 400, zinabaki 1,328. Hekta moja ya mitende katika joto hilo hunywa wastani wa mita za ujazo 50 kwa siku, kwa hiyo una hekta 26 tu. Kila hekta ikiwa na mitende 120 na kila mtende ukitoa kilo 30, mavuno yote ni tani 94 hivi. Mji unakula tani 4,000! Mwenye bustani ana heshima, kivuli na tende za kukirimu wageni, lakini shibe ya mji iko mikononi mwa mwenye msafara. Ugomvi wako wa kwanza umeshajiandika wenyewe, na utaukoleza ukikumbuka kwamba ngamia aliyekaukiwa anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Msafara wa ngamia 500 ukifika, lita 50,000 zinaondoka, wakati zamu ya kumwagilia ilikuwa ya mtu mwingine.

Swali: Nataka maji yaje kwa mfereji wa chini ya ardhi. Unajengwaje, na adui atauharibuje?

Jibu: Unaitwa kanati katika Uajemi, na ndugu zake ni aflaji za Omani na fogara za Aljeria. Huanza kwa kisima mama chini ya milima, mahali maji ya ardhini yalipo juu kuliko mji. Wachimbaji huanzia upande wa mji, penye mdomo, wakielekea kisima mama. Kila baada ya mita 20 hadi 50 hutoboa shimo la wima la kuingizia hewa na kutolea udongo. Kanati ya Gonabad nchini Irani ina kilomita 33 na kisima mama chenye kina cha zaidi ya mita 300. Hiyo ni kazi ya vizazi, kwa hiyo shujaa wako asiimalize kwa msimu mmoja.

Mteremko ndio roho ya kazi: mita moja kwa kila mita 1,000 hadi 1,500. Ukizidi, maji hukimbia, hula sakafu na kuta, na paa huporomoka. Ukipungua, matope hutuama na njia huziba. Kwenye udongo laini hutiwa pete za udongo wa kuchoma ili kuta zishike.

Adui hahitaji ramani. Udongo uliotolewa huachwa ukizunguka mdomo wa kila shimo, na ukiwa juu ya kilima unaona mstari wa vichuguu ukielekea mjini. Akitupa mawe na mizoga katika mashimo mawili matatu, mji utakosa maji. Ndiyo maana kikosi cha doria kwenye mashimo ni cheo kikubwa, na ndiyo maana wachimbaji, hata wakiwa watu wa chini kabisa kwa nasaba, hawatukanwi ovyo.

Swali: Niweke makundi mangapi yanayogombea madaraka, na kila moja lishike nini? Sasa ninayo tisa, na wasomaji wangu wanayachanganya.

Jibu: Tisa ni sherehe ya harusi. Matano yanatosha, na la sita liwe lisilohesabiwa na mtu.

Usiyatofautishe kwa rangi za vilemba. Jiulize swali moja kwa kila kundi: likizuia kitu chake leo alfajiri, mji utaumia baada ya siku ngapi? Walinzi wa malango wakigoma, mji unaumia usiku huo huo. Wenye zamu za maji wakifunga kijilango cha mfereji, mitungi ya nyumbani itakauka siku ya tatu. Wenye mizani na wabadili fedha wakikataa kupima, soko litasinyaa ndani ya wiki, maana hakuna atakayepokea dhahabu isiyothibitishwa. Makadhi na wasimamizi wa wakfu wakisitisha hukumu, itachukua mwezi hivi kabla mikataba, mirathi na dhamana za mikopo hazijakwama. Wenye misafara ya nafaka wakigeuza njia, ghala lililojaa litawavumilia miezi mitatu minne. Wachimbaji wa kanati ndio la sita: wakiacha kusafisha matope hakuna atakayegundua kwa nusu mwaka, na mwaka unaofuata maji yatakuwa nusu.

Ukishapata siku hizo, tabia za makundi zinakuja zenyewe. Mwenye silaha ya usiku mmoja huwa na haraka na vitisho, lakini hawezi kuitumia mara mbili. Mwenye silaha ya miezi minne ni mpole, mvumilivu, huandika barua. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumpa kiongozi mmoja maji na malango pamoja. Hapo hadithi imekwisha kabla ya sura ya pili, kwa sababu hakuna wa kushindana naye.

Kisha fungamanisha kwa madeni. Mwenye msafara amekopa kwa mwenye mizani. Mwenye mizani anahitaji hukumu ya kadhi ili alipwe. Kadhi analishwa na wakfu ambao mali yake ni saa za maji. Hili la saa si la kubuni: katika aflaji za Omani maji hugawanywa kwa muda, kwa desturi ya zamani mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na baadhi ya zamu hupigwa mnada ili kulipia matengenezo. Anayesoma nyota usiku anaweza kuiba robo saa, na robo saa ya maji inatosha kuanzisha kesi ya miaka kumi.

Ukitaka mfano wa mji halisi uliogawanyika, tazama Ghadames nchini Libya, ambako wakazi walijigawa tangu zamani katika Bani Walid na Bani Wazit, kila upande na mitaa yake. Makundi yanaweza pia kuzaliwa kwenye mambo ya kipuuzi. Katika Constantinople (Istanbul ya leo) ya mwaka 532 mashabiki wa mbio za magari ya farasi, wa Buluu na wa Kijani, walikuwa mahasimu wa kudumu. Siku walipoungana dhidi ya Kaisari Justinian nusura wamng'oe, na uasi ulizimwa kwa mauaji ya maelfu. Mtawala wako aogope zaidi siku mahasimu wanapoelewana.

Swali: Kwa nini kamanda wa walinzi wa kukodiwa asijitwalie mji tu?

Jibu: Mara nyingi hujitwalia. Hata neno letu mamluki lina asili moja na jina la Wamamluki, askari watumwa walioshika utawala wa Misri mwaka 1250. Carthage, mji-dola wa kale katika Tunisia ya leo, nayo ilishindwa kuwalipa askari wake wa kukodi baada ya vita na Roma, na kuanzia mwaka 241 KK ilipigana nao kwa zaidi ya miaka mitatu.

Kwa hiyo usiandike kwamba wana utii, andika kinachowazuia. Mshahara ulipwe kila mwezi, tena na baraza, asiulipe kamanda kwa mkono wake. Funguo za lango ziwe mbili, moja ya walinzi na nyingine ya mtaa ulio jirani na lango. Kambi iwe nje ya ukuta, na maji yake yapite mjini kwanza. Hiki cha mwisho ndicho kikali kuliko vyote: kamanda akiasi, kijilango kinafungwa na farasi wake wanakuwa mzigo siku ya pili.

Swali: Mtawala achaguliweje bila ya kuwa mfalme wa kurithi?

Jibu: Njia mbili za Italia zinahamishika vizuri jangwani. Ya kwanza ni kumwajiri mgeni. Miji mingi ilimleta podestà, yaani mtawala wa kuajiriwa, kutoka mji mwingine kwa miezi sita au mwaka, ikamkataza kujenga ukaribu na wenyeji, kisha ikamkagua hesabu kabla hajaondoka.

Ya pili ni ya Venice, iliyowekwa mwaka 1268. Wajumbe 30 hupatikana kwa kura ya bahati, bahati huwapunguza hadi 9, hao 9 huchagua 40, bahati hubakiza 12, wao huchagua 25, hubaki 9, huchagua 45, hubaki 11, na hao huchagua 41 wanaomteua mkuu kwa kura zisizopungua 25. Inachosha kusoma, na ndilo lengo lake: hakuna anayejua amhonge nani. Katika hadithi usiieleze yote. Onyesha tajiri aliyekwisha kuwalipa watu arobaini, akitazama bahati ikiwatoa mmoja mmoja.

Swali: Mji wangu unazingirwa na jeshi la watu 30,000. Utahimili muda gani?

Jibu: Geuza swali: jeshi litahimili muda gani? Hatra, katika Iraki ya leo, ilimshinda Kaisari Trajan wa Roma mwaka 117, na baadaye Kaisari Septimius Severus, kwa sababu nje ya ukuta hapakuwa na maji mazuri, kuni wala malisho, ila joto na nzi. Kwa lita 5 tu kila mmoja, wazingiraji 30,000 wanataka lita 150,000 kwa siku, bila kuhesabu wanyama.

Walio ndani wanahitaji mabirika. Wakazi 20,000 kwa posho ya lita 5 kwa siku 90 ni mita za ujazo 9,000, yaani mabirika 30 ya mita 10 kwa 10, kina mita 3. Yaezekwe. Birika la wazi hupoteza kama sentimita moja kwa siku ya kiangazi, ambayo katika ukubwa huo ni lita 1,000, posho ya watu 200. Birika lisilosafishwa kabla ya msimu huota minyoo, na ugonjwa hufungua malango haraka kuliko njaa.

Swali: Ushuru utozwe vipi?

Jibu: Kwa mzigo, si kwa thamani, maana karani wa lango hajui bei ya kila kitu. Al-Bakri, mwanajiografia wa Andalusia aliyeandika mwaka 1068, anasema mfalme wa Ghana ya kale (si nchi ya leo) alitoza dinari moja kwa punda wa chumvi anayeingia na mbili kwa anayetoka. Palmyra, mji wa jangwani katika Syria ya leo, ilichonga viwango vyake kwenye jiwe mwaka 137, kwa Kigiriki na Kipalmyra, kwa sababu watoza ushuru na wafanyabiashara walikuwa wakigombana kila mara juu ya vitu vilivyoachwa kwa mazoea. Mafuta ya manukato kwenye chupa za alabasta yalitozwa karibu mara mbili ya yale ya kwenye viriba vya ngozi ya mbuzi. Mhusika mjanja atahamishia mafuta yake kwenye viriba siku moja kabla ya kufika langoni.

Swali: Nataka mji ufe bila vita. Kwa nini?

Jibu: Chumvi ya shambani. Maji ya jangwani yana chumvi kidogo. Yakimwagwa miaka mingi pasipo mtaro wa kuyatoa, hukauka na kuiacha juu. Ngano hukataa kwanza, wakulima wakahamia shayiri, kisha shayiri nayo ikawa fupi. Mwishoni mtende peke yake husimama, nao huzaa tende ndogo. Wenye bustani watawalaumu wachimbaji, wachimbaji watawalaumu wenye zamu, na wenye misafara watakuwa wameshaanza kununua viwanja kwenye bandari ya mbali.