Kabla hujamwandikia "kalime sasa" mtangazaji aliyepigwa chini

Tarehe 26 Aprili 2017 mchana nilikuwa breki ghalani, hapa Columbus, Ohio, simu mkono mmoja ndizi mkono wa pili, na nilikuwa nafurahi. Sina cha kuficha, nilikuwa nafurahi kweli. ESPN, kile kituo kikubwa cha televisheni ya michezo cha Marekani, walikuwa wanapunguza watu, kama mia moja hivi kwa mpigo, maripota na wachambuzi na watangazaji, na majina yalikuwa yanadondoka moja moja Twita toka asubuhi kama matokeo ya mtihani yanayobandikwa ukutani. Kesho yake ndo drafti ya NFL (siku timu za ligi ya futiboli ya Kimarekani zinachagua wachezaji wapya) inaanza Philadelphia, yaani watu wengine walikuwa wameshajipanga kwenda kazini. Ed Werder, karipoti NFL pale miaka 17, akajitangaza mwenyewe kwamba ameachishwa.

Sasa kwenye ile orodha alikuwepo mmoja ambaye mimi nilikuwa simpendi. Jina lake siliweki, hana kosa lolote, sauti yake tu ilikuwa inanikera na kuna timu yangu alikuwa anaisema vibaya (na alikuwa sahihi, timu ilikuwa mbovu). Nikaingia kwenye ukurasa wake na Kiingereza changu cha Tanga nikamwandikia kwamba hatimaye, sasa nenda kalime. Emoji tatu za kucheka. Halafu nikapiga skrinishoti nikaitupa kwenye group letu la NBA la WhatsApp, tupo kumi na kitu, wengi Dar, mmoja Mwanza, mmoja Muscat, na mimi huku. Watu wakafa kwa kicheko. Nikanogewa, nikaongezea na orodha ya majina niliyoiokota sijui wapi, na kwenye hiyo orodha kulikuwa na jamaa ambaye wala hakuguswa, yupo kazini kwake kabisa, ila kwenye group letu mpaka jioni alikuwa ameshazikwa na arobaini imesomwa.

Makala hii naiandika kwa sababu ya siku ile na ya mambo yaliyonikuta baadae, maana naona kila kituo cha michezo kikipunguza watu mashabiki tunarudia yale yale.

Pale ghalani nilikuwa na mzee mmoja Mmarekani, anaelekea miaka sabini, shabiki wa kufa wa Phillies, timu ya besiboli ya Philadelphia. Nilikuwa namwita Mzee, na mpaka leo nadhani anaamini ndo tafsiri ya jina lake. Siku ile hakula. Kwenye orodha alikuwemo Jayson Stark, mwandishi wa besiboli, ambaye kabla ya ESPN alikuwa gazeti la Philadelphia Inquirer miaka mingi, kwa hiyo Mzee alikuwa anamsoma toka ana nywele nyeusi. Stark kazi yake ni kuchimbua vile vitu vya ajabu ajabu, takwimu ambazo hakuna mtu mwingine angekaa kuzihesabu, na Mzee kila asubuhi lazima akusimamishe akusomee moja, utake usitake. Nilipomuonesha ule utani wangu hakucheka. Akaniuliza swali moja tu, huyu unayemcheka, kuna kitu chochote umewahi kujifunza kwake? Nikasema hapana. Akasema basi kwanini unamuaga? Jioni akanunua kadi na stempu akamwandikia Stark kwa mkono. Mimi nikaona uzee huo.

Tuje kwenye jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali. Mimi nilikuwa nimekata kebo mwaka mmoja kabla. Bili ilikuwa inanitoa jasho nikasema basi, nikawa naangalia mechi kwa zile linki za magumashi ambazo ukigusa kitufe cha kuongeza sauti zinakufungulia kamari na wanawake. Na kebo ya Marekani ilikuwa inafanya kazi hivi, ESPN inalipwa kwa kila nyumba yenye kifurushi, zaidi ya dola 7 kwa mwezi, uangalie usiangalie, hata bibi wa watu anayetazama mapishi tu analipa. Mwaka 2011 nyumba zilikuwa karibu milioni 100. Mwisho wa 2016 zimebaki kama milioni 88. Chukua milioni 12 zidisha kwa 7 zidisha kwa miezi 12, ni kama dola bilioni moja kila mwaka imeyeyuka. Wakati huo huo walikuwa wameshasaini kulipa, pamoja na Turner (kampuni nyingine ya televisheni), dola bilioni 24 kwa miaka tisa ya NBA, na mechi ya NFL ya Jumatatu usiku peke yake ni karibu bilioni 2 kwa mwaka. Haki za matangazo zimeshasainiwa, huwezi kwenda kwa ligi ukasema naomba nipunguzie kidogo. Kinachopunguzika ni mtu.

Kwa hiyo mimi niliyekuwa nacheka pale na ndizi mkononi nilikuwa mmoja wa wale milioni 12. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipokuwa mdogo Tanga, sina hata viatu vya maana, kibanda umiza nilikuwa nalipa. Ukiwa huna unachungulia kwenye tundu la bati mpaka mwenye kibanda akumwagie maji, lakini ukiwa nayo unalipa. Nimekuja kupata mshahara wa dola ndo nikaanza kuiba mpira.

Kuna ndugu zangu watasema sio kebo, ESPN iliporomoka kwa sababu ya siasa, watangazaji waliacha michezo wakaanza kuhubiri. Hiyo ngoma mwaka ule ilichezwa sana na bado inachezwa. Angalia tarehe tu. Colin Kaepernick, mchezaji wa NFL, kaanza lile suala la kutosimama wakati wa wimbo wa taifa mwaka 2016. ESPN walishapunguza watu kama 300 Oktoba 2015, na wateja walikuwa wanashuka toka 2011 na kitu. Siasa labda iliwaudhi watu fulani, sibishi, ila mwezi una dola saba saba zinazoondoka na hizo dola hazikuwa na chama. Mtu akikuletea hiyo hoja mwambie akuambie yeye mwenyewe alikuwa analipa au anatumia linki.

Basi, Februari 2018 zamu yangu ikafika. Kampuni jina siliweki. Nikaitwa chumba kidogo, kuna dada wa HR, bahasha, na boksi tupu la karatasi za printa. Dakika kumi na moja, nilikuwa naangalia saa ya ukutani kwa sababu sikujua niangalie wapi. Nje kuna theluji, gari langu limeharibika, nimesimama kituo cha basi na lile boksi nikawaandikia washkaji kwenye group kwamba jamani nimepunguzwa kazi. Haikupita dakika, mmoja akajibu: kalime sasa. Emoji tatu za kucheka, alikumbuka mpaka idadi.

Alikuwa anatania, najua, ndo utani wetu siku zote, na angekuwa mwingine kapunguzwa na mimi ningeandika hivyo hivyo. Lakini basi likaja likaondoka na mimi nimesimama pale pale naangalia simu.

Wiki ile nilipokea meseji kama arobaini. Riziki iko popote. Mungu ana makusudi yake. Hawakustahili kuwa na wewe (nani, ghala?). Shangazi akapiga kuuliza umefanya nini huko, kama vile nimeiba. Meseji ninayoikumbuka mpaka leo ilitoka kwa dereva mmoja wa lori Msomali ambaye hatukuwa hata marafiki, aliandika kwamba anakumbuka ule usiku wa barafu Desemba nilivyompangia mzigo upya akalala nyumbani badala ya kulala barabarani. Hakusema pole wala nini. Ndo nikaielewa ile kadi ya Mzee.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo. Ukitaka kumwandikia mtu aliyepunguzwa, awe mtangazaji maarufu awe binamu yako, mtajie kitu kimoja alichokifanya. Mechi fulani, ripoti fulani, siku fulani alisema kitu ukakipeleka kijiweni mkabishana mpaka saa sita usiku. Sentensi mbili zinatosha. Usimuulize imekuaje, hajui, na kama anajua amekatazwa kusema. Na kama ulikuwa humpendi kaa kimya, kukaa kimya hakuli bando.

Pili, usigawe orodha. Subiri mtu ajitangaze mwenyewe. Kuna watu familia zao zinajua kwa kusoma kwenye simu, na kuna watu kama yule niliyemzika mimi akiwa hai.

Halafu kuna hii tabia ambayo kwangu ndo mbaya kuliko zote na watu hawaioni mbaya, ya kusema kwanini katoka huyu badala ya kumtoa yule. Unadhani unamtetea unayempenda, kumbe umekaa kwenye kiti cha bosi unachagua kichwa kingine. Yule unayemtaja naye anasoma, naye ana kodi ya nyumba, na bosi hasomi komenti zako hata moja.

Na kuna wasioonekana kabisa. Novemba 2017 hiyo hiyo ESPN wakapunguza wengine 150, wengi wa studio, wa mtandaoni, wa mitambo. Kwenye group letu hakuna aliyeandika hata neno, na mimi sikuandika. Aprili tulipiga kelele siku tatu kwa sababu nyuso zile tunazijua, Novemba ni watu wanaovaa vile vipokea sauti vikubwa wakasema kamera ya tatu sasa, ndo wanaofanya goli ulione kwa marudio kabla hujamaliza kushangilia, na walipoondoka tukaendelea na mambo yetu. Mwaka ule ule SuperSport wakavunja mkataba na ligi kuu ya Kenya, tukalalamika mechi hazionekani tena, wavuta waya wa pale uwanjani nani aliwauliza wanakula wapi? Novemba 2020 tena ESPN, watu 300 na nafasi nyingine 200 zilizokuwa wazi zikafungwa, corona ilikuwa imesimamisha michezo miezi kadhaa, na wengi wao tena ni wa nyuma ya kamera. Siku hizi mechi ikiisha naacha yale majina yapite mpaka mwisho. Yanapita mbio sana na sijui nayasoma ili iweje, ila nayaacha yapite.

Kuhusu pesa sitaki nikudanganye. Sikurudi kwenye kebo. Nalipia huduma moja ya mtandaoni, msimu wa NBA tu, ukiisha nakata, na linki nimeacha isipokuwa mara mbili tatu ambazo Mungu anazijua. Kwa waandishi ni rahisi zaidi, wakipigwa chini wengi wanahamia mahali, wafuate huko. Marc Stein wa NBA alitoka Aprili ile akaenda New York Times. Jayson Stark akaenda The Athletic, tovuti ya habari za michezo, na Julai 2019 akapewa heshima ya waandishi kule Cooperstown kwenye jumba la mashujaa wa besiboli. Mzee alinitumia picha ya televisheni yake, nusu ya picha ni kidole. Ed Werder mwenyewe ESPN walimrudisha 2019, sijui alijisikiaje kuingia tena kwenye lile geti.

Ya mwisho kubwa niliyoishi nayo ni Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023. Nyuso kama ishirini siku moja, wakati Disney wenye ESPN walishasema mwaka ule wanapunguza watu 7,000. Safari hii group letu lililia kweli, kwa sababu alikuwemo Jeff Van Gundy, na sisi watangazaji Van Gundy na Mike Breen na Mark Jackson ndo fainali za NBA zenyewe. Washkaji wa Dar waliamka saa tisa na nusu ya usiku miaka mingi kusikiliza hao watu watatu wakibishana, wa Muscat saa kumi na nusu, anaunganisha na swala ya alfajiri. Mwezi mmoja baadae Jackson naye akaondoka. Hasira zote zikamwendea Pat McAfee, mtangazaji mpya waliyemleta ESPN, kwamba ameripotiwa kupewa dola milioni 85 kwa miaka mitano halafu wenzake wanaondolewa. Hapo mimi nipo katikati, ukiwa unafunga mkanda halafu unaleta mgeni na kuku mzima watu lazima waguse, ila McAfee hakusaini barua ya mtu yeyote. Van Gundy msimu ule ule akawa mshauri Celtics, timu ya NBA ya Boston, na Celtics wakachukua ubingwa Juni 2024, kwa hiyo huyo wala tusimlilie sana.

Ila siku ile ya Ijumaa, katikati ya vilio, mshkaji wa Mwanza akaandika kuhusu mtangazaji mwingine kwenye ile orodha, ambaye yeye alikuwa hampendi. Unajua aliandika nini. Nikamfuata pembeni, sio mbele za watu, nikamwambia kaka hilo neno nililianzisha mimi, naomba ulifute, na kama una la kusema mwandikie mwenyewe kitu cha maana. Akafuta. Akaniuliza sasa nimwandikie nini? Nikamwambia mtajie mechi moja aliyotangaza vizuri.

Akakaa kama dakika kumi, naona tu anaandika, anaacha, anaandika. Halafu akasema hakumbuki hata moja. Nikamwambia basi acha, usiandike.